Afande na Kuku wa Saa Nane

Mimi kuku siwapendi. Naanzia hapo kwa sababu ndipo Afande mwenyewe alipoanzia nami, siku niliyohamia ule ua wa mtaa wa Bwaise na cherehani yangu na mifuko miwili ya nguo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya banda, fimbo magotini, na kuku wake mmoja alishapanda juu ya cherehani kabla hata sijaipata sehemu ya kuiweka. Nikamfukuza kwa leso.

"Wewe Mukenya," akasema, maana alikuwa amenisikia nikibishana na mwenye pikipiki aliyenileta. "Huyo kuku uliuliza anataka nini?"

Nikamwambia sikumwuliza na sina haja, kuku nawajua kwenye sahani tu. Akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayechukua maelezo ya shahidi.

"Sawa. Na yeye atakujua pole pole."

Miaka saba niliishi naye ua mmoja, na kwa miaka yote hiyo nilimwita Afande, kama kila mtu. Alikuwa amestaafu polisi, na kazi yake kubwa huko ilikuwa kushika funguo za mahabusu. Kiswahili chake kilitoka kambini. Hakikuwa na adabu za pwani wala hakikuzihitaji, kila kitu kilikuwa "iko" au "hapana iko", na ukianza kumpa salamu ndefu alikukata katikati akuulize shida yako ni gani. Nyumba ilikuwa yake, ndogo, katikati ya ua. Sisi wapangaji tulikuwa na vyumba vyetu pembeni, mlango kwa mlango, na mtaro ulipita nyuma yetu sote.

Hakuna mtu aliyependa kufuli kumliko. Sukari alifungia kwenye sanduku. Redio alifungia kabatini na kuisikiliza humo humo kabatini. Bomba la maji lililokuwa mbele ya nyumba yake alilitia kufuli, na asubuhi tulipanga foleni yeye akifungua, na ole wako uruke mtu. Kigoda chenyewe kilikuwa na mnyororo. Rundo la funguo lilining'inia kiunoni, na alipotaka mmoja hakuangalia chini, vidole vilishuka vikaupata. Nilidhani ni uzoefu wa kazi.

Sasa mtu huyo huyo, banda la kuku halikuwa na kufuli. Lilikuwa na waya uliopindwa, wa kuzuia paka na vicheche giza likiingia, basi. Mchana kuku tisa walizagaa Bwaise nzima, wakaingia kwa watu, wakapekua mtaroni, wakavuka barabara ya vumbi kwenda kwa muuza mkaa na kurudi. Nikamwuliza, Afande, sukari umeifunga na kuku umewaacha, hapa Bwaise?

"Sukari hapana weza kurudi yenyewe," akasema.

Lakini usidhani aliwaachia ovyo. Kulikuwa na ratiba. Asubuhi walibaki ndani, wakapewa pumba na maji, wakataga. "Asubui kazi," alisema. Saa nane mchana, si saa nane kasoro dakika tano, alifungua waya, akaweka mlango wazi, akarudi kukaa. Hakuwahi kumgusa kuku ili atoke. Wengine walitoka mbio, wengine walisimama mlangoni wakifikiri. Mara moja nilimwona mmoja amekwama pale kizingitini muda mrefu, nikataka kumsaidia kwa teke dogo.

"Wacha," akasema. "Kuku hapana fukuzwa nje. Mulango unafunguliwa, yeye anaamua."

Saa kumi na mbili jioni walirudi wenyewe. Afande alikaa kando ya mlango, mkono ameutandaza juu ya kizingiti, na kila kuku aliyepita aliguswa mgongo. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kwa sauti, kwa ukali, kila siku ya Mungu, na alipofika tisa alisema "Kamili" na kufunga waya. Nilifikiri kule kuwagusa ni mapenzi. Nikamcheka kidogo, mzee mkali hivi anawapapasa kuku.

Kuku wa kienyeji hali pumba peke yake. Hula chochote, na mimi ni fundi wa sare za shule, kwa hiyo kwangu walikula vifungo. Siku moja nilikuwa na mashati arobaini ya kupeleka Kalerwe, nikainuka kuchota maji, kurudi kopo limemwagika na kuku wawili wanadonoa vifungo vyeupe kwa raha zao. Nilipiga kelele ambazo hata mama yangu Bungoma angezisikia. Afande alikuja, akanitaka nikae chini, akaleta daftari.

"Vifungo ngapi?"

"Nitajuaje, Afande? Vimo tumboni mwa kuku wako."

"Rangi?"

"Nyeupe."

"Kuku aliyekula, alikuwa anatoka upande gani?"

Daftari alinipa niandike mwenyewe, akisema mwandiko wa mlalamikaji ndio ushahidi. Kisha akakamata washukiwa wawili, akawafunika kila mmoja na tenga lake, siku nzima, akawapa maji. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameinama chini ya tenga akipapasa kinyesi kwa kijiti. Kifungo kimoja kilipatikana. Alikiosha, akakifunga kwa karatasi, akaniletea na kunitaka nitie sahihi kwamba nimepokea. Nilitia. Hicho kifungo nilikishona kwenye shati la mtoto fulani, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Kuku wake hakuwala. Krismasi alinituma soko la Kalerwe nimnunulie jogoo, akamla kwa furaha kabisa, mifupa akaitafuna. Nikamwuliza mbona huyo anamla. "Huyo mimi hapana jua," akasema, akaomba chumvi.

Adui yake alikuwa mwewe. Kwa ajili ya mwewe alikuwa na filimbi ya kazini ambayo sina hakika kama aliruhusiwa kuondoka nayo. Kuku wakitoa ile sauti yao ya hofu, Afande alipuliza, na ua mzima ulisimama. Siku moja mke wa mchungaji alikuja kututembelea, ameshika mwavuli mweusi mkubwa kwa sababu ya jua, kuku wakashtuka, na Afande akampulizia filimbi huku ameinua fimbo. Yule mama alisimama langoni, hasogei mbele wala nyuma. Tulipomweleza Afande kwamba ni mke wa mchungaji, aliishusha fimbo.

"Amekuja na mabawa," akasema. "Apite."

Tulicheka wiki nzima. Ningekuwa na akili ningeacha kucheka nikafikiri.

Binti yake alikuwa anaishi Naguru, kwenye nyumba yenye geti la kufunguliwa na mtu. Alikuja Jumapili moja kila mwezi na gari lake, akaleta mchele na mafuta, akaangalia ua wetu, na maneno yake yalikuwa yale yale. Baba, macho yako daktari alishasema yanakwenda. Siku utakaposhindwa kujiangalia, nakuchukua. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtoto anayempenda baba yake, na Bwaise mvua ikinyesha unaijua, maji yanaingia ndani bila hodi. Afande alimjibu kwa kuelekeza fimbo kwenye banda.

"Mimi nachunga kuku tisa, nahesabu asubui na jioni. Mutu wa namna hiyo anashindwa kujichunga?"

Binti alihesabu kuku, akakuta tisa, akawasha gari. Kwa hiyo tulijua sote. Siku hesabu itakapoharibika, Afande ataondoka kwenye nyumba yake. Aliniambia mara moja tu, bila mimi kuuliza, kwamba huko Naguru ni kuzuri, kuna vigae mpaka nje. Alilisema neno vigae kwa namna ya mtu anayetaja ugonjwa.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu lilikuwa langu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mama Furaha, Mkongo, mtu wa mihogo. Alianika makopa kwenye mkeka, akatwanga, akauza unga. Kuku wa Afande walimtesa kuliko walivyonitesa mimi, na baada ya kulalamika mwaka mzima aliamua kufuga wake, ili, alisema, kama ni kula unga wangu basi nao wale. Yeye na Afande, aliyekuwa anaziba nafasi za waliokufa, walinunua vifaranga siku moja kwa mchuuzi mmoja, wote wa rangi ya kahawia, ukimwona mmoja umewaona wote. Wakakubaliana kuwafunga vitambaa mguuni, kama watu wengi wafanyavyo pale. Vya Afande vyekundu, vya Mama Furaha vya kijani. Vitambaa vilitoka kwangu, mabaki ya sare.

Vitambaa huoza, hukatika, inabidi kubadilisha. Afande aliniomba vipya. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeniishia, ile shule ilishabadili fundi, nilikuwa na kijani tu. Nikakata vipande tisa vya kijani nikajisemea nitamweleza ashikize hivyo kwa siku mbili tatu, nitafute vyekundu. Nikavitia mkononi mwake pale kwenye kigoda huku naharakisha, nina mteja. Akavipitisha vidoleni.

"Nyekundu muzuri," akasema. "Hii hapana pauka haraka."

Nikacheka, nikadhani ananikejeli, nikaenda zangu. Afande hakuwa mtu wa mzaha, na hilo nililijua, ila nilikuwa na haraka. Siku mbili tatu zikawa wiki tatu.

Mama Furaha naye akapoteza kuku wawili. Pengine mwewe, pengine gari. Akawatafuta kila mahali, na asubuhi moja akachungulia kwenye banda la Afande akaona vitambaa vya kijani. Hakumwuliza. Hilo ndilo lililoniudhi, angemwuliza kwanza. Alikwenda moja kwa moja kumleta mwenyekiti wa mtaa, na saa kumi alasiri ua ulikuwa umejaa watu, na Afande, polisi mstaafu, ameketi kwenye kigoda chake kama mshukiwa wa wizi wa kuku.

"Mimi sipendi maneno," Mama Furaha akasema. "Lakini kuku zangu ziko mule. Alama ya kijani ni yangu. Batu bote banajua."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, Muganda, mwenye kofia. Alimkamata kuku mmoja aliyekuwa akipita na kitambaa mguuni, akampa Afande amshike.

"Afande, mimi nakueshimu sana," akasema. "Niambie tu. Kuku yako, alama yake ni langi gani?"

Afande akamshika kuku yule, akaupapasa mguu, akakipata kitambaa, akakiinua ili watu wote waone.

"Nyekundu," akasema kwa sauti. "Mutaa yote inajua. Angalieni."

Tuliangalia. Kilikuwa kijani kama jani la mgomba. Watu thelathini na hakuna aliyekohoa.

Nilimwona uso. Alikuwa anatusubiri tukubali, na kadiri kimya kilivyoendelea alianza kuelewa kwamba kuna kitu amesema, ila hakujua ni kipi. Akakiinua kitambaa juu zaidi. Yote yakanijia kwa mpigo, ule mwavuli, lile daftari, kule kuwagusa kuku migongo. Na nikajua pia kwamba neno moja tu la mtu yeyote pale, kwamba mzee haoni, litafika Naguru kabla ya Jumapili.

"Mwenyekiti," nikasema, "ana maana rangi yake ni nyekundu siku zote, na ni kweli. Hivyo vya kijani nilimpa mimi juzi, vyekundu vimeniishia. Alikataa. Nikamwambia ashikize tu. Mimi ndiye niliyewachanganya."

Alikataa, nilisema. Sikuwahi kusema uongo mbele ya kiongozi maishani mwangu, na ulinitoka bila kukwama. Afande aligeuza uso upande wangu.

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. Hakuwa mjinga. Akasema basi vitambaa tuviache, kuku yuko na akili, anajua nyumba yake. Tungoje walale. Atakapoingia kuku, hapo ndipo kwao. Tukangoja. Watu waliketi chini, wengine walikwenda kuinjika chakula wakarudi. Saa kumi na mbili ilipofika kuku walianza kurudi mmoja mmoja, na Afande akautandaza mkono kizingitini. Moja. Mbili. Sauti yake mwanzoni haikuwa yake. Tisa waliingia kwake, wanne wakaingia kwa Mama Furaha, na hakuna hata mmoja aliyekosea mlango.

"Kamili," Afande akasema.

Mama Furaha alitoa pole mbele ya watu wote, na mwenyekiti akaenda zake. Lakini yule mama alikuwa ameona nilichoona. Asubuhi yake, anapita na ndoo kwenda bombani, nikamsikia anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afande, ni miye, Mama Furaha, napita."

"Pita," akajibu.

Hatukukaa kikao. Ilianza tu. Muuza mkaa akipita alisema, ni mimi wa mkaa. Wapangaji wakasema, hata watoto. Nami nikawa nasema, ni mimi, Mukenya. Ukiingia ua ule ungedhani ni watu wenye adabu iliyopita kiasi. Hakuna aliyewahi kutaja macho, na Afande hakuwahi kushukuru. Vitambaa nilivibadilisha, na safari hii nilivifunga mwenyewe, nikimwambia mafundi tuna fundo letu. Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo, na binti akija alihesabu kuku tisa na kuondoka.

Tukamponza sisi wenyewe. Tulimzoesha kwamba kila mtu husema jina lake, na asiyesema, basi ni kuku. Jumapili moja, si ile ya kawaida, binti alikuja bila kupiga simu. Aliacha gari barabarani kwa sababu ya matope, akaingia na ndala za Mama Furaha zilizoachwa langoni, ili asichafue viatu vyake. Alikuwa na jambo zuri, amepata cheo kazini, alitaka kumshtua baba yake. Akasimama mbele yake, akitabasamu, kimya.

Afande alisikia ndala. "Mama Furaha," akasema, "leo mbona unapita bure? Umenuna?"

Nilikuwa kwenye cherehani. Niliona tabasamu la yule dada linavyoondoka. Alichuchumaa, akaupitisha mkono mbele ya macho ya baba yake, mara moja, mara ya pili, kisha akaanza kulia bila sauti, na Afande bado anamwuliza Mama Furaha kama ni habari ya unga. Jumanne yake gari lilikuja kumchukua. Afande alifunga nyumba kwa kufuli tatu. Kuku walipelekwa naye, kwenye matenga.

Ilinichukua miezi minne kwenda kumwona, na sina sababu ya kutoa isipokuwa aibu. Yule binti alikuwa kazini. Msichana wa nyumbani alinifungulia geti, akanipeleka nyuma. Kulikuwa na vigae, kama alivyosema, kisha nyasi zilizokatwa vizuri, kisha maua. Na banda zuri, la mbao zilizopakwa rangi na waya mpya, lenye kufuli. Afande alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti cha mto, hakina mnyororo. Kuku saba walikuwa ndani, wawili walishakufa.

"Ni mimi, Afande. Mukenya."

Aligeuza uso haraka.

"Hapa watu ni wazuri," akasema. "Wananishika mukono. Lakini hakuna mutu anasema jina. Mutu anapita, mimi hapana jua ni nani. Siku nzima watu wanapita."

Nikakaa kwenye vigae kando yake. Akaniuliza habari za mtaro, za Mama Furaha, za bomba, sasa nani anaweka foleni. Nikamwambia hakuna foleni, watu wanasukumana. Akasikitika sana. Nikamwuliza kuku hawatoki?

"Maua," akasema. "Binti alinipa kufuli na ufunguo, ili mimi nifunge mwenyewe. Ni mutoto muzuri." Kisha akaniuliza, "Saa ngapi?"

"Saa nane kasorobo."

Tukakaa. Aliniuliza tena, nikamwambia bado dakika tano. Tukakaa tena.

"Saa nane, Afande."

Vidole vikashuka kiunoni, vikapita funguo za sukari, za redio, za nyumba iliyofungwa kule Bwaise, vikatoa mmoja mdogo mpya. Akaniwekea kiganjani. Nikainuka nikafungua, nikaweka mlango wazi kabisa, nikarudi. Kuku walisimama ndani wakiutazama ule uwazi. Miezi minne ni mingi. Hakuna aliyesogea.

"Hawatoki," nikamwambia. "Niwasukume kidogo?"

"Wewe bado hapana jifunza kitu."

Tukangoja. Mmoja akaja mpaka kizingitini, akasimama, akainua mguu, akaushusha, akauinua. Alipokanyaga nyasi sikusikia chochote mimi, lakini Afande alisikia.

"Moja," akasema.

Wakatoka wote saba, na akawahesabu wote saba. Baada ya hapo walikwenda moja kwa moja kwenye maua wakaanza kazi, udongo unaruka mpaka kwenye vigae, na Afande ameegemea kiti, mikono tumboni, anasikiliza jinsi wanavyoyaharibu. Nilimpenda mzee yule siku ile kuliko siku zote, na kuku nao nikawavumilia.

Tulikuwa hivyo gari likapiga honi nje. Msichana akakimbilia geti. Nikaona kuku mmoja ameketi katikati ya maua mekundu, amejichimbia shimo lake, anaoga vumbi. Afande alijinyoosha kwenye kiti, akatazama mbele, uso umekuwa wa kipolisi, uso wa mtu ambaye zamu yake ilikuwa jana.

"Utasema ni wewe," akaninong'oneza. "Mbele ya cheyamani ulisema vizuri."

Hatua zikaja juu ya vigae, viatu vya kisigino, zikasimama.

"Nani amefungulia hawa kuku?"

Nikasimama, nikasema kwa sauti, kama tulivyozoea kule kwetu.

"Ni mimi."